Mkanda, kibao au mto: nini cha kununua ili gitaa lisikuumize

Bega la kushoto likianza kuwaka kabla ya wimbo wa tatu, usikimbilie kubadili gitaa. Tazama kwanza kinacholibeba. Mimi hupanga hivi.

Namba moja ni mkanda mpana, hata kwa anayepiga ameketi. Mingi ya dukani ina sentimita 5, na kwa gitaa kavu, lile lisilo la umeme, inatosha. Ukiwa na gitaa la besi, au gitaa zito la umeme kama Les Paul ambalo mara nyingi hufika kilo 4, tafuta wa sentimita 8. Kisha geuza mkanda uone upande wa ndani. Nailoni inateleza: ukiachia mkono wa kushoto, shingo ya gitaa inainama, na mkono uliopaswa kubadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) unabaki na kazi ya kubeba. Pamba nzito au ngozi yenye mgongo wa kukwaruza hung'ang'ania shati. Fundi viatu mzuri anaweza kukukatia wa ngozi ukimpelekea wa mfano.

Kuupima ni rahisi. Keti wima, kaza mkanda mpaka gitaa lianze kuachana na paja, halafu simama. Likibaki palepale kifuani, umepata. Kuliteremsha mpaka magotini kunapendeza kwenye picha, ila kifundo cha mkono kinakunjika vibaya.

Kabla ya kulipa, kagua vishikizo vya mkanda kwenye gitaa lako. Gitaa kavu nyingi zina kimoja tu, kule kitakoni. Ncha ya pili utaifunga kwa kamba ya kiatu kwenye kichwa cha gitaa, mwisho wa shingo, chini ya nyuzi, au fundi akutobolee kishikizo kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili wa gitaa. Usijikandamizie skrubu mwenyewe bila kutanguliza tundu dogo, mbao hupasuka.

Na matundu ya mkanda yasiwe yamelegea. Langu lilifunguka katikati ya harusi, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, nikalidaka gitaa kwa goti. Tangu siku hiyo nakata duara la mpira kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, natoboa katikati, nalivika juu ya mkanda kwenye kishikizo. Halijatoka tena.

Namba mbili, kibao cha mguu. Wapigaji wa klasiki huinua mguu wa kushoto sentimita 12 hadi 15, shingo ya gitaa ikapanda. Vya chuma vinakunjwa na kubadilishwa kimo. Seremala naye hukutengenezea cha mbao jioni moja. Ubaya wake ni kiuno: nyonga moja juu, nyingine chini, saa nzima. Ukishaanza kujinyonganyonga, achana nacho.

Namba tatu ni mto mgumu wa kuweka pajani. Nyayo zote mbili zinabaki sakafuni. Sponji laini ya kochi haifai, inabonyea.

Mwisho naweka vile vishikilizi vyenye vikombe vya mpira vinavyonata ubavuni mwa gitaa. Vinafanya kazi ileile ya mto, na vizuri zaidi, lakini kwenye rangi isiyong'aa vinabanduka, na vanishi za zamani za nitroselulosi huharibiwa na mpira. Ukivinunua, vibandue kila ukimaliza.

Kiti sikuhesabu, maana unacho. Ila vile vya plastiki vya ukumbini vyenye mikono vinagonga gitaa ubavuni. Ukifika, omba stuli.