Mlango kwanza, spika baadaye: vifaa vya kuzuia mtetemo, kuanzia kilicho bora

Gonga bati la nje la mlango wa gari kama Probox au Vitz: linalia kama debe. Spika ikipiga besi, bati nalo linaitikia. Kubwa zaidi ni yale matundu yaliyo nyuma ya kava la mlango, ambayo kiwandani huzibwa kwa nailoni tu. Sauti ya mgongo wa spika hupenya hapo, ikakutana na ya mbele, zikafutana. Ndiyo maana besi huwa hafifu hata ukifunga amplifaya.

1. Butili (mpira laini unaonata) yenye alumini juu, unene wa milimita 2. Hii ndiyo ya kununua. Milango miwili ya mbele inataka kama mita 2 za mraba. Bati la nje lifunike robo hadi theluthi tu, pale katikati linapotetemeka zaidi; kulijaza lote ni uzito na hasara. Nyingine iende kwenye matundu. Tundu kubwa liwekee kwanza kipande cha bati jembamba la alumini, la sivyo butili italegea.

Madukani lami nayo huvishwa alumini ikauzwa kama butili. Bandua kona, uvute gundi: butili inavutika kama bigijii, lami inakatika na kunuka barabara mpya.

2. Sponji isiyonyonya maji, milimita 5 au 6. Haizuii mtetemo wa bati, ila inanyamazisha kava linalogongana na mlango. Kata pia pete yake, uizungushie spika ili sauti itoke nje badala ya kuingia ndani ya kava. Ije baada ya butili, isichukue nafasi yake.

3. Lami. Bei yake inavutia, lakini gari likishinda juani Dar es Salaam inalainika, inateleza na kunuka.

4. Sponji ya godoro. Usiweke. Mvua hupita kwenye mpira wa kioo kila inaponyesha. Sponji inainywa, bati linaoza.

Kabla ya kubandika, toa nailoni na gundi yake nyeusi yote, futa kwa spiriti, acha pakauke. Sukuma kwa rola mpaka vinundu vya alumini vilale. Panapobaki hewa ndipo panapobanduka. Usizibe vitobo vya kutolea maji chini ya mlango, wala usibane vyuma vya kitasa. Kingo za butili zisiache mwanya, maana sasa ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani badala ya nailoni. Shusha kioo hadi mwisho, kisha ukipandishe tena, kabla hujarudisha kava.