Uzoefu wangu na Kirby: King of Comics, kitabu cha maisha na michoro ya Jack Kirby

Mimi ni mchoraji wa hapa Malindi, naandika mabango ya maduka na kuchora tuktuk, kwa hivo hiki kitabu cha Kirby, yule Mmarekani aliyechora komiki (hadithi za picha) za mashujaa, nimekisoma kwa jicho la fundi zaidi kuliko jicho la shabiki wa filamu. Nimekipata mkono wa pili kwa jamaa aliyekuwa anahama akiuza vitu vya nyumbani. Jalada gumu, kikubwa, chataka meza manake ukikisoma umelala mikono itakuuma. Aliyekiandika ni Mark Evanier, kilitoka 2008 na mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya mambo ya komiki, na kwa mtu anayechora kwa mkono mimi sijaona kitabu kingine kinachofunza hivi.

Picha nyingi za humu hazikutolewa kwenye komiki zilizokwisha chapwa, zimepigwa kutoka kwenye karatasi yenyewe aliyochorea. Waona wino ulipokolea na ulipofifia, waona rangi nyeupe iliyopakwa kufuta mstari, waona na maandishi ya penseli pembeni mwa ukurasa. Hayo maandishi jamani ndio utamu wenyewe. Marvel, kampuni ya komiki, miaka ya 60 haikuwa ikimpa Kirby skripti kamili, yeye na Stan Lee, mwandishi na mhariri wa hapo, wanazungumza hadithi kwa ufupi, kisha Kirby anakaa chini ya nyumba yake kule Long Island, chumba kidogo cha chini ya ardhi, anachora hadithi yote fremu kwa fremu na pembeni anaandika hapa kunatokea nini, halafu karatasi zinarudi kwa Lee ajaze maneno ya wahusika. Ukishalijua hilo basi kila ukurasa wausoma upya, manake wagundua aliyeamua nani asimame wapi, nani aonekane uso na wapi hadithi itulie ni yule mwenye penseli.

Nimekaa sana kwenye zile ngumi. Mtu wa Kirby akirusha ngumi yaja kwako wewe unayesoma, mkono umekuwa mkubwa kushinda kichwa na mguu wa nyuma umebaki mdogo kulee, vidole vya mraba kama matofali, na ukichukua rula upime utakuta hakuna kilicho sawa lakini jicho laamini kabisa. Na zile nukta nyeusi anazotia penye moto au nguvu za anga, mashabiki wanaziita Kirby Krackle, nimeziangalia mpaka nikaelewa kwamba kinachowaka si nukta, ni ile nafasi aliyoiacha katikati yake. Nshaijaribu kwenye ubavu wa tuktuk, rangi ya mafuta nyeusi juu ya manjano, na inasomeka hata ikipita kwa kasi.

Maisha yake yamesimuliwa vizuri. Alizaliwa 1917 Lower East Side, New York, jina lake Jacob Kurtzberg, wazazi wahamiaji maskini. Chuo cha sanaa, Pratt, alikaa wiki moja tu akatoka, baadae akafanya kazi studio ya Fleischer kwenye katuni za Popeye. Hapo aliniingia moyoni, manake huku kwetu wengi tumejifunza kwa kutazama tu, mimi mwenyewe nimekua nikinakili Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Mwaka 1941 yeye na mwenzake Joe Simon wakaleta shujaa Captain America, jalada la kwanza kabisa anamtandika Hitler ngumi na Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani! Kisha mwaka 1944 yeye mwenyewe akapelekwa Ufaransa kupigana, baridi ikamuumiza miguu vibaya.

Vijana wa mtaani wakikiona kitabu mezani wanauliza kama ndani mna Black Panther. Wengi wamemjua kwa filamu ya 2018, nami nawaambia T'Challa, ndiye huyo Black Panther, na nchi yake Wakanda walianza 1966, komiki ya Fantastic Four namba 52, na mkono uliochora ni huu huu.

Panaponiuma ni habari ya malipo. Kirby alilipwa kwa ukurasa, ukishapokewa umekwenda, wahusika ni mali ya kampuni na hata karatasi zenyewe kampuni ilibaki nazo. Alipigania miaka, na 1987 ndio akarudishiwa kama kurasa 1,900 kati ya maelfu na maelfu aliyochora. Mtu aliyejaza dunia nzima mashujaa anaomba karatasi zake mwenyewe! Evanier alifanya kazi na Kirby akiwa kijana, kwa hivo anaandika kwa mapenzi na upande wake waujua tangu mwanzo. Mimi sioni vibaya, lakini ukitaka kumwelewa Stan Lee vizuri tafuta na kitabu kingine. Halafu nakala yangu ya 2008 haina yaliyotokea 2014, familia ya Kirby ilipopatana na Marvel. Kuna toleo jipya la 2017, mwaka ambao angetimiza miaka 100, ukiweza kuchagua chukua hilo.

Kiingereza chake si kigumu, na hata usiposoma neno bado utafaidi. Penseli ya Kirby mara nyingi ilipitiwa wino na mtu mwingine, kwa hivo ukikipata, tafuta ukurasa wake uliopigwa wino na Joe Sinnott kisha uulinganishe na ule uliopigwa na Mike Royer. Sinnott anasafisha, chuma chameta, nyuso zinakuwa laini. Royer anafuata penseli ilivyo, ukali wote anauacha palepale bila kuongeza lake. Mimi niko na Royer.