Seti ya kufungulia pedi za gemu: bisibisi safi, kibano takataka

Nina kibanda cha gemu Mabatini, hapa Mwanza, na pedi za PS4 kwangu hazidumu. Kijana akifungwa goli, analogi, kile kijiti cha kumwongoza mchezaji, ndiyo inayolipa. Basi nikachukua hii seti mjini, Makoroboi, shilingi 15,000: bisibisi, vibanzi vya plastiki, kibano na analogi mbili za akiba.

Bisibisi nimeipenda. Skrubu nne za mgongoni zilitoka bila kuliwa vichwa. Vibanzi navyo havichubui ganda. Ukishalifungua, usivute kwa pupa, kuna utepe mwembamba wa chaji unashika pande zote mbili. Uchomoe taratibu kwanza.

Ugonjwa mkubwa ni mchezaji kutembea mwenyewe. Pembeni ya analogi kuna vifuniko vya kijani, na ndani yake njia nyeusi ya kaboni inayosuguliwa kila unaposukuma. Ikiwa ni uchafu tu, pamba yenye spiriti inatosha, uache ikauke kabisa. Kaboni ikishalika, hapo ni kubadilisha analogi nzima: miguu 14 ya kuyeyusha risasi. Kama hujawahi kushika pasi ya kuchomelea, ipeleke pedi kwa fundi wa simu, hasara ya bodi ni kubwa kuliko hela yake.

Analogi moja ya seti inafanya kazi vizuri. Nyingine ilikuja inarudi kwa kusuasua, muuzaji akasema eti itazoea! Kibano kilipinda siku ileile. Vitufe visivyoitika, seti haikusaidii. Kasponji chini ya karatasi ya mawasiliano, ile inayopeleka mbonyezo wa vitufe kwenye bodi, kanunue peke yake.