Penicuik House: gofu la kwenda kutazama kuta zake

Ukiwa Edinburgh, Uskochi, na unataka kutoka nje ya mji kidogo, panda basi uende kusini, Penicuik. Ila usitarajie mazulia, wala mtu wa kukutembeza akikuonyesha vyombo vya fedha. Hili ni gofu la jumba la kitajiri. Kuta zimesimama, paa halipo tangu moto wa 1899.

Mie ni fundi mwashi, nimekulia kwenye chokaa Unguja, kwa hiyo nilikwenda na jicho la kazi. Sir James Clerk aliijenga nyumba hii miaka ya 1760, mbele akaweka baraza la nguzo ndefu za kujionyesha. Ndani mlikuwa na ukumbi ambao Alexander Runciman aliuchora dari kwa hadithi za Ossian, mshairi wa masimulizi ya kale ya Kiskoti. Dari yote imekwenda na moto. Leo ukichungulia dirishani unaona mawingu.

Ukarabati uliomalizika 2014 ndio ulionikosha. Hawakurudisha paa, wameziimarisha kuta, wakajaza viungo vya kati ya mawe kwa chokaa, na palepale wakafundisha watu kazi za mawe. Nilisogea nikapapasa kiungo kimoja: chembe za mchanga zinaonekana kwa macho na zinakwaruza vidole. Fundi mvivu angepiga saruji amalize mapema, maji yanaswe ndani ya jiwe, baridi iyagandishe, jiwe lipasuke. Kwetu barafu hakuna, lakini saruji kwenye ukuta wa chokaa ni balaa kokote. Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja iporomoke Desemba 2020, mie ukuta wa zamani siupiti bila kuukagua.

Baada ya moto, wenye nyumba waliyageuza mazizi ya farasi kuwa makazi. Juu yake pana banda la njiwa lenye kuba la mawe, nakala ya Arthur's O'on, jengo la Kirumi lililobomolewa 1743 ili mawe yake yakatengeneze bwawa la kinu. Sir James akalijenga upya, wapangaji njiwa! Nilicheka peke yangu. Pale ni kwa watu, litazame kwa mbali.

Asiyejali mawe atamaliza upesi. Wanangu walichoka mapema, wakaenda kurusha vijiti mtoni Esk, na huko ndiko walikofurahi.

Natoa nyota nne. Angalia kwanza mtandaoni saa za kufungua, na vaa viatu vya mvua hata ukiambiwa ni kiangazi.