Uzoefu wangu: sabuni na krimu ya ngozi kwenye jaketi la rubani la mtumba

Nianze na jibu, maana najua wengi mna jaketi kabatini linalosubiri uamuzi. Seti hii, yaani sabuni ya ngozi ya kopo pamoja na krimu ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) na nta ya nyuki, inafanya kazi. Krimu ndiyo iliyolifufua jaketi langu. Sabuni nayo si mbaya, ila inataka mkono mwepesi kuliko maelezo yake yanavyosema.

Jaketi lenyewe ni la mtindo wa G-1, ule wa marubani wa Jeshi la Wanamaji la Marekani: ngozi ya mbuzi ya kahawia, kola ya manyoya ya kondoo, sufu ya kufuma kwenye mikono na kiunoni. Nyuma ya mabega kuna marinda mawili yanayofunguka unaponyoosha mikono mbele. Wengi hulichanganya na A-2 lililoidhinishwa na jeshi la nchi kavu mwaka 1931, ambalo kola yake ni ngozi tupu na mgongo wake ni kipande kimoja. Kwa anayesafisha, tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kwenye manyoya na ndani ya marinda ndiko uchafu unakojificha.

Lilinifikia kavu kabisa. Viwiko vimepauka, ngozi inalia kama karatasi ukiikunja, na chini ya kola kuna ukungu wa kijivujivu wenye harufu ya sanduku lililofungwa miaka. Kabla ya chochote niliweka tone la maji mahali pasipoonekana, chini ya kifuniko cha mfuko. Tone likinywewa haraka na kuacha doa, ngozi haina tabaka la juu la rangi na inahitaji uangalifu zaidi. Langu lilisimama kama juu ya jani la mgomba, nikashusha pumzi.

Ukungu niliutoa nje ya nyumba kwa brashi kavu, ili vumbi lake lisisambae ndani. Kisha nikapitisha kitambaa chenye spiriti na maji nusu kwa nusu, nikalitundika kivulini penye upepo siku mbili. Msilianike juani wala karibu na jiko. Joto hukausha mafuta yaliyobaki, na jua hupausha rangi.

Sabuni sasa. Ngozi ikishatengenezwa huwa na asidi kidogo, ndiyo maana sabuni ya kufulia huiumiza. Hii ya ngozi ni pole zaidi, lakini bado ni sabuni. Mkono wa kushoto nilifuata maelezo ya kopo: sugua, kisha suuza. Ulikauka mgumu, umejikunja kwenye mshono wa kwapa, nami nikaumia moyo kwa kweli. Mkono wa kulia nilitumia povu peke yake, nikafuta kwa kitambaa chenye unyevu, bila kusuuza. Ulikauka laini. Tumieni kitambaa cheupe, ili muone kinachotoka. Kikitoka cheusicheusi, ni uchafu. Kikianza kutoka rangi ileile ya jaketi, acheni hapohapo, mnavua rangi.

Krimu nilipaka kiasi cha punje ya harage kwa kipande kizima cha kifua, nikaipasha moto kwanza kati ya vidole. Nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa kitambaa kikavu. Nilirudia mara tatu ndani ya wiki mbili. Kufika tabaka la pili sauti ya karatasi ilikuwa imekwisha, na ule mkono mgumu ukaanza kukunjika tena. Kwenye marinda niliingiza taulo lililoviringishwa ili yabaki wazi. Humo ndani nilikuta kahawia yenye wekundu, rangi ya jaketi lilipokuwa jipya, haijaguswa na mwanga. Nilikaa nikiitazama kwa muda.

Kosa langu lilikuwa kwenye viwiko. Kwa kuwa vilikuwa vikavu zaidi, niliviongezea krimu. Vikanywa, vikageuka vyeusi. Kimoja rangi yake imerudi karibu na ya sehemu nyingine, cha pili bado kinaonekana. Ngozi kavu hunywa chochote unachoipa, kwa hiyo hapo ndipo pa kupaka kidogo kuliko pote.

Kosa la pili: kwenye ule ukanda wa ngozi ulio nyuma ya zipu, herufi USN (kifupi cha Jeshi la Wanamaji la Marekani) zimetobolewa kwa vitundu vidogo, na krimu iliviziba vyote. Nilitumia jioni nzima kutoa nta ya njano kwa kijiti cha meno, kitundu kimoja baada ya kingine. Pitieni mbali na herufi hizo.

Kwenye manyoya ya kola krimu isiguse kabisa. Mimi nilitumia kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kitana cha meno mapana manyoya yalipokauka. Zipu ya chuma ilikuwa inakwama, nikaipaka nta ya mshumaa, ikateleza. Bitana nilifuta tu. Sufu ya mikono imeliwa na nondo, hiyo ni kazi ya fundi, siyo ya krimu.

Lalamiko langu kwa watengenezaji ni moja. Kopo linadai krimu huondoa nyufa. Si kweli. Nyuzi za ngozi zikishakatika hazirudi, na nyufa za ngozi ya chini ya kola yangu, pale inapopinda, zipo vilevile, ila zimekuwa laini na hazionekani kuendelea. Kwangu hilo linatosha, lakini waandike hivyo.

Krimu ningeinunua tena bila kusita. Kopo bado limejaa zaidi ya nusu, na jaketi linakaa kwenye hanga pana ya mbao ili mabega yasichomoze. Nitalifungua tena baridi ikikaribia, na safari hii nitaanzia kwenye marinda.