Miezi minane na Altec A7-500 sebuleni

Jozi yangu ya spika za Altec A7-500 ina miezi minane hapa Ohio, na mpaka leo nikizisikiliza usiku nazima taa, kama ukumbini. Ni za ukoo wa Voice of the Theatre, spika zilizotoka mwaka 1945 zikae nyuma ya pazia la sinema lenye vitundu. Kwa urefu kila moja inanifika kifuani. Tulizibeba watu wanne.

Chini ni sanduku la mbao lenye spika ya besi ya inchi 15, na mbele yake mbao zimepindwa kama mdomo wa tarumbeta. Juu imekaa honi ya alumini, modeli 511B, inayobeba sauti zote kuanzia hezi 500 (mitikisiko 500 kwa sekunde) kwenda juu. Utando mdogo unasukuma hewa kwenye koo jembamba, koo linatanuka taratibu mpaka mdomoni, na mtikisiko mdogo unajaza chumba. Enzi sinema zilipoanza kusema, amplifaya zilikuwa na wati chache. Bila honi, waliokaa nyuma wasingesikia neno. Amplifaya yangu ya valvu ni ya wati 8 na sijawahi kuifungua sauti hata nusu.

Mwanzoni, lakini, nilisikitika. Nikiweka taarab, nyuzi za kanuni zilikuwa huku na besi kule. Nikakumbuka kisa cha MGM, studio ya filamu ya Hollywood, miaka ya 1930: honi za besi zilikuwa zimekunjwa, sauti ikizunguka njia ndefu na kuchelewa, hata viatu vya wacheza densi vikasikika vikigonga mara mbili. Douglas Shearer, mkuu wa sauti wa MGM, na wenzake, akiwemo mhandisi John Hilliard, wakaunda mfumo wenye njia fupi zaidi ya besi. Basi nami nikaanza kuisogeza honi ya juu, kidole kwa kidole, ili sauti yake na ya besi zinifikie pamoja, sahani ileile ya muziki ikizunguka. Siku ya tatu fidla na besi zikakaa pamoja, na mwimbaji akasimama katikati ya ukuta. Nililia.

Aliyeniuzia alisema kila kitu ni cha asili. Si kweli: utando wa upande wa kushoto ulikuwa umebadilishwa, sauti ikawa nyembamba, na fundi alinitoza pesa nzuri kuurekebisha. Fungueni mkague kabla ya kulipa. Na pimeni chumba: mimi nakaa mita nne kutoka kwenye spika, na nikisogea karibu zaidi nasikia sanduku na honi kila kimoja peke yake.