Walinifunga mashine gotini, hakuna aliyelishika goti

Kliniki ya mazoezi tiba ninayoizungumzia ni ya binafsi, iko hapa hapa Dar es Salaam. Jina nalihifadhi kwa ajili ya mtu mmoja tu niliyemkuta pale, mbele mtamjua. Naipa nyota mbili kati ya tano, tena kwa shingo upande. Nilitaka kuandika siku nyingi nikajizuia, nikasema hasira zitulie kwanza. Hazijatulia.

Niliumia jimu, nikiinuka kutoka kwenye skwati, chuma begani, uzito niliouzoea. Goti la kulia likalia kwa ndani. Halikuuma sana, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Kesho yake asubuhi limejaa, pia ya goti haionekani. Duka la dawa wakanipa diklofenaki. Uvimbe ukashuka kidogo, tumbo likaanza kuwaka moto. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa mizima, huna tatizo. Sasa eksirei inaonyesha mfupa. Kano na meniskasi, yale magegedu mawili yenye umbo la hilali yanayokaa kati ya mfupa wa paja na muundi, haiyaoni. Mtu anayekwambia huna tatizo kwa picha hiyo amekwambia habari za nusu ya goti.

Na mimi nilikuwa na tatizo, tena la mchana na usiku. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kushuka naweza, kuinuka ndiyo kazi: nashika bomba la maji ukutani kwa mkono wa kushoto, nahamishia uzito wote mguu mmoja, navuta pumzi, ndipo najivuta. Daladala lile pandio la kwanza liko juu, konda anapiga bodi "twende twende", nami bado natafuta mguu wa kutanguliza. Swala nimehamia kwenye kiti cha plastiki. Dini imeniruhusu, nashukuru, lakini kusikia wenzako wote wanakwenda sujudu wewe umeinamisha kichwa tu kitini, hilo lilinitoa machozi zaidi ya maumivu yenyewe.

Basi nikaenda kliniki na matumaini yangu yote. Pale mapokezi wakataka nilipie kifurushi kizima mbele, ndipo nafuu inapatikana, bima haiingii. Nikalipa. Nikaingizwa chumbani, pazia likavutwa, nikawekewa taulo la moto, kisha vibandiko vya umeme, kisha ile mashine ya kupakwa jeli na kusuguliwa. Bwana mkubwa wa pale, wanayemwita daktari, akaweka saa ya mashine akakaa pembeni na simu yake. Ikalia mlio, akavua vibandiko, "haya mama, tuonane Alhamisi." Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Hakuniuliza goti lilivimba palepale au kesho yake. Hilo si swali dogo. Goti linalojaa ndani ya saa moja mbili mara nyingi lina damu ndani, pengine kano kubwa ya katikati imekatika. Linalojaa taratibu mpaka kesho yake, macho yanakwenda kwenye meniskasi. Hakuniuliza kama linakwama likikunjwa. Hakuniuliza kama linanisaliti nikishuka ngazi. Nilipomuuliza mimi, "Daktari, hasa nini kimeumia humu ndani?" akanijibu bila kuinua macho:

"Mama, kwa umri wako vyuma vya nini? Waachie vijana. Wewe tembeatembea tu asubuhi, punguza mwili."

Umri wangu haujafika hata hamsini. Na vyuma sikuvianza kwa urembo. Mama yangu mzazi ana kisukari, nimemuuguza kidonda cha mguu, najua harufu yake. Msuli unapofanya kazi unatumia sukari ya damu, na mwenye msuli ana pa kuipeleka. Ndiyo sababu nilianza, na ndiyo sababu "acha vyuma" kwangu si ushauri mwepesi wa kurushwa mtu akiwa kwenye simu. Hata angekuwa sahihi, angeniangalia usoni.

Siku moja bwana huyo alichelewa. Alikuwepo binti wa fildi, mwanafunzi wa fiziotherapia. "Shikamoo mama. Naomba nilishike goti." Nilimarahabia huku nashangaa, maana siku zote zile lilikuwa halijashikwa na mkono wa mtu pale. Akanilaza chali, akaweka vidole viwili kwenye ule mstari wa kiungo, upande wa ndani, mkono wa pili akashika kisigino. Akalikunja goti mpaka mwisho, akauzungusha unyayo, akawa ananyoosha polepole. Katikati ya safari likagonga, yeye akalisikia kwenye vidole, mimi nikalisikia mpaka kooni.

"Hapa, mama?"

"Hapo hapo mwanangu."

Akaniambia inaweza kuwa meniskasi ya ndani, ila yeye bado mwanafunzi, nimwone daktari wa mifupa nipimwe MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha hata kano na meniskasi. Kisha akanifundisha mambo ya kufanya nyumbani. Taulo lililokunjwa chini ya goti, ulibonyeze kwa nguvu ya paja, ushikilie. Mguu ulionyooka, uuinue. Mgongo ukutani, shuka kidogo tu, kaa hapo paja litetemeke. Akanipa na kipimo ambacho nakitumia mpaka leo: maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, ilimradi asubuhi yake goti limerudi lilivyokuwa, likiamka limevimba au linauma zaidi, jana ulizidisha, punguza. Nilitamani kumbusu mikono.

Kwa huyo binti ningeandika nyota tano hapa na tukaagana vizuri.

Lakini bwana akaingia. Akamkuta amenishika mguu. "Wewe nani amekutuma kwa mgonjwa wangu? Kazi yako wewe kubadilisha taulo." Mlango wazi, wagonjwa kwenye benchi wanasikia. Binti akasema "samahani daktari", akarudi nyuma, akaenda kunawa. Nami nikawekewa vibandiko vyangu, saa ikawekwa, simu ikatolewa. Nilimwambia, "Daktari, huyu mtoto amenifanyia leo kitu ambacho wewe hujanifanyia tangu nije." Akasema nisiingilie mambo ya kitaalamu.

Mambo ya kitaalamu yalikuwa kwenye vidole vya yule mtoto! MRI niliyopigwa baadaye kwa laki kadhaa, baada ya mchango wa kaka zangu, ilisoma mchaniko wa meniskasi ya ndani, goti la kulia. Palepale alipogusa.

Daktari wa mifupa niliyemwona hospitali nyingine hakukimbilia kisu. Alinieleza kwamba kila meniskasi inapata damu vizuri kwenye ukingo wake wa nje tu, sehemu inayoelekea katikati ya goti haina damu ya kutosha kujiunga yenyewe, ila si kila mchaniko unahitaji kukatwa. Akanitajia utafiti wa Finland uliotoka 2013: wagonjwa 146, nusu wakakatwa kipande cha meniskasi, nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza, yaani meniskasi haikukatwa kitu, na baada ya mwaka hali zao hazikupishana kwa maana. Akanitahadharisha kuwa wale walikuwa na michaniko ya kuchakaa, yangu imeanza kwa tukio, kwa hiyo goti likianza kukwama nirudi haraka. Halijakwama. Dawa aliyoniandikia ni mazoezi ya kuimarisha paja na makalio, kwa miezi, na kurudi kwenye vyuma kidogokidogo. Alisema kurudi. Hakuniambia niache.

Nitende haki: umeme wa pale kliniki ulikuwa unanituliza, nalala usiku ule. Na jirani yangu alimpeleka mama yake aliyepooza upande mmoja, wanawasifu sana, kwa hiyo huenda kuna watu wengine mule ndani wanaofanya kazi. Ila kutuliza kwa saa chache si kutibu, na mgonjwa wa goti hakulipa ili apashwe joto. Nimezirudia nyota zangu mbili nilizoandika juu. Ya pili ilikuwa ya yule binti, na wao walimtuma abadilishe taulo. Naiondoa. Ibaki moja, na ningeweza kuandika sifuri ningeandika.

Ukienda pale, au popote, kabla hujalipia kifurushi sema ushikwe kwanza. Mtu akukunje goti, akunyooshe, akuangalie unavyotembea na unavyoshuka ngazi. Asipotaka, ondoka na hela yako.

Goti langu bado linauma. Mvua ikinyesha, kushuka daraja la kuvuka barabara, kukaa safari ndefu kwenye basi, linaniambia. Lakini nimeanza skwati ya kwenye kiti bila chuma, nashuka kwa hesabu, na choo siku nyingine nainuka bila bomba.

Vipindi vilivyobaki kwenye kifurushi niliomba nirudishiwe hela. Dada wa mapokezi amesema utaratibu wao hauruhusu, labda nimwachie ndugu avitumie. Nimemwambia sina ndugu wa kumpeleka pale. Barua ya madai nimeshaiacha mezani kwake, nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa, ninayo.